Tangazo Lililosomwa Kigali: Redio ya Umma na Dhamana ya Habari nchini Rwanda

Utangulizi

Mtu akitaja Rwanda na redio kwa pamoja, wengi wetu hukumbuka herufi nne: RTLM. Redio hiyo ya binafsi, iliyoanza kusikika Julai 1993, imeandikwa katika vitabu vingi na kufundishwa katika vyuo vingi kuwa mfano wa jinsi chombo cha habari kinavyoweza kuchochea mauaji. Kumbukumbu hiyo ni ya haki. Hata hivyo, inaficha jambo moja ambalo mwanafunzi wa historia hapaswi kulipita. Zaidi ya mwaka mmoja kabla ya RTLM kuzaliwa, habari ya uongo ilikwisha kusomwa hewani na kufuatwa na vifo vya watu. Habari hiyo haikusomwa na redio ya chama wala ya kundi la wafanyabiashara. Ilisomwa na Radio Rwanda, redio ya taifa.

Insha hii inajadili nafasi ya Radio Rwanda katika historia ya nchi yetu, hasa kati ya mwaka 1990 na 1994. Hoja yangu kuu ni kwamba nguvu ya redio ya umma haitokani na ukali wa maneno yake, bali na mazoea ya wasikilizaji ya kuiamini katika mambo madogo ya kila siku. Mazoea hayo ndiyo yaliyotumiwa vibaya mwaka 1992, na ndiyo yaliyolazimika kujengwa upya baada ya 1994. Nitaanza na vipindi vya redio hiyo kabla ya vita, kisha nitaeleza tukio la Bugesera la Machi 1992, jaribio la kuirekebisha redio, siku za Aprili 1994, na mwisho kazi iliyofuata hadi leo.

Ni vyema kwanza kutofautisha maneno mawili tunayoyachanganya mara kwa mara. Redio ya serikali hutumikia walio madarakani. Redio ya umma hulipiwa na wananchi na inapaswa kuwatumikia wote, pamoja na wale wasiokubaliana na serikali. Kwa sehemu kubwa ya historia yake, Radio Rwanda ilikuwa ya aina ya kwanza huku ikisikilizwa kana kwamba ni ya aina ya pili. Katika pengo hilo ndimo hatari ilimoingia.

Redio iliyokuwa ofisi ya taifa

Radio Rwanda ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati nchi ilipokuwa ikielekea uhuru wa tarehe 1 Julai 1962. Baada ya Juvénal Habyarimana kuchukua madaraka Julai 1973, vyombo vya habari vya dola viliwekwa chini ya ofisi moja iliyoundwa mwaka 1974, iliyojulikana kwa kifupi kama ORINFOR. Ofisi hiyo ilisimamia redio, magazeti ya serikali na baadaye televisheni. Mkurugenzi wake aliteuliwa na Rais.

Lugha kuu ya matangazo ilikuwa Kinyarwanda, lugha inayoeleweka na karibu kila Mnyarwanda. Kifaransa na Kiswahili vilipewa muda wao pia. Kiswahili kilisikilizwa zaidi mijini, katika mitaa kama Nyamirambo, na kwa wafanyabiashara waliosafiri kati ya Kigali, Bujumbura, Goma na Kampala. Mtu wa mlimani, yaani mkulima wa kawaida, alisubiri Kinyarwanda.

Alisubiri nini hasa? Watafiti wanaoandika juu ya redio hutazama zaidi hotuba za wanasiasa, lakini ratiba ya kawaida inatufundisha mengi zaidi. Kabla ya taarifa ya habari zilirushwa sehemu za hotuba za Rais. Halafu yalikuja mambo yaliyogusa kila nyumba: nani ameteuliwa na nani ameondolewa kazini, mkutano wa mkoa utafanyika wapi, na watoto gani wamefaulu mtihani wa kuingia sekondari. Kulikuwa pia na matangazo ya vifo, ambayo Wanyarwanda huyaita kubika. Familia ililipia tangazo, jina la marehemu likasomwa pamoja na majina ya ndugu wanaoombwa kufika, na jamaa aliyekuwa mkoa wa mbali akafunga safari siku hiyo hiyo.

Tuzingatie maana ya jambo hili. Nchi haikuwa na simu vijijini na magazeti yalisomwa na wachache. Sensa ya mwaka 1991 ilihesabu watu zaidi ya milioni 7, na takriban asilimia 29 tu ya kaya zilikuwa na redio. Lakini redio moja ilisikilizwa na majirani, na aliyesikia alimweleza asiyesikia. Mzazi alijua kwamba mwanawe amefaulu kwa sababu redio imesema. Mtumishi wa umma alijua kwamba amepoteza kazi kwa sababu redio imesema, wakati mwingine kabla ya barua kumfikia. Mtu alivaa nguo za msiba kwa sababu redio imesema. Katika mambo hayo redio haikudanganya. Jina lililosomwa lilikuwa la kweli, na mazishi yalifanyika kweli.

Kwa hiyo msikilizaji hakuwa na desturi ya kuuliza, "Habari hii imetoka wapi?" Sauti ile ile iliyosoma matokeo ya mtihani ndiyo iliyosoma matamko ya kisiasa, kwa mtindo ule ule wa utulivu. Imani iliyopatikana kwa tangazo la msiba ilihamishiwa kwenye tangazo la siasa bila mtu yeyote kutambua.

Vita na mwanahistoria

Tarehe 1 Oktoba 1990 jeshi la RPF lilivuka mpaka kutoka Uganda na vita vikaanza. Usiku wa tarehe 4 kuamkia 5 Oktoba milio ya risasi ilisikika Kigali. Serikali ilieleza kwamba adui ameingia mjini, na maelfu ya watu, wengi wao Watutsi, wakakamatwa kwa kudaiwa kuwa washirika wake. Baadaye ilithibitika kwamba shambulio hilo lilikuwa la kuigiza. Huo ulikuwa mwanzo wa kipindi ambacho habari yenyewe iligeuzwa kuwa silaha. RPF nayo ilianzisha redio yake, Radio Muhabura, na raia aliyeweza kuipata akawa na sauti mbili zinazopingana.

Katika miaka hiyo ORINFOR iliongozwa na Ferdinand Nahimana. Kwa sisi tunaosoma historia, jina hili lina uzito wa pekee. Nahimana hakuwa askari wala mwanasiasa wa jukwaani. Alikuwa mwanahistoria na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda kule Butare. Alijua tofauti kati ya chanzo cha kuaminika na uvumi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya taaluma yetu. Mtu aliyefundisha wengine kuhoji nyaraka ndiye aliyesimamia redio wakati waraka usiohojiwa uliposomwa hewani.

Machi 1992: Bugesera

Bugesera iko kusini mwa Kigali. Baada ya machafuko yaliyoanza mwaka 1959, familia nyingi za Watutsi zilizofukuzwa makwao zilipelekwa huko, wakati ule likiwa eneo la pori lenye mbung'o na watu wachache. Kufikia mwaka 1992 wazawa, wahamiaji wa zamani na wahamiaji wapya waliishi pamoja, na vyama vya upinzani vilikuwa vimeanza kupata wafuasi.

Tarehe 3 Machi 1992 Radio Rwanda ilisoma, tena kwa kurudia, tamko lililodaiwa kutumwa na kundi la haki za binadamu lenye makao Nairobi. Tamko hilo lilionya kwamba Wahutu wa Bugesera wangeshambuliwa na Watutsi. Viongozi wa eneo hilo walilitumia kuwashawishi watu kwamba njia ya kujikinga ni kuwahi kushambulia. Mauaji yakaanza. Wanajeshi kutoka kambi ya jirani, vijana wa Interahamwe na raia wa kawaida walishiriki. Watutsi waliouawa ni mamia, nyumba zikachomwa, na maelfu wakakimbilia makanisani, likiwemo kanisa la Nyamata.

Tamko lenyewe lilikuwa la kughushi. Hapa mwanafunzi wa historia ana maswali ya kujiuliza. Kwa nini waraka uliodaiwa kutoka Nairobi ulisomwa mara kadhaa kabla ya kuhakikiwa? Simu moja kwenda Kenya ingetosha kuutilia shaka. Kwa nini ulidaiwa kutoka nje ya nchi? Kwa maoni yangu, jina la Nairobi na neno "haki za binadamu" viliupa waraka sura ya ushahidi usioegemea upande. Waliouandika walifahamu kwamba onyo likitoka serikalini lingeonekana kuwa propaganda, lakini likitoka kwa watetezi wa haki lingeonekana kuwa huruma. Na kwa nini ulirudiwa? Kwa sababu uongo unaorudiwa katika kila taarifa ya habari hukoma kuwa habari na kuwa jambo linalojulikana na wote.

Zaidi ya yote, tamko halikuwaambia watu waue. Liliwaambia kwamba wako hatarini. Hili ndilo somo ambalo RTLM, kwa matusi yake ya wazi, hutusahaulisha. Mtu anaweza kuyakataa matusi kwa kuyasikia tu. Onyo la usalama linalosomwa kwa sauti ya upole na redio ya taifa ni gumu kulikataa, kwa sababu linakuja katika vazi la wema.

Wakati Radio Rwanda ikisema hivyo, mtu mmoja alisema kinyume chake. Antonia Locatelli, mmisionari Mwitaliano asiye mtawa aliyekuwa ameishi Rwanda kwa miaka mingi, alikuwa Nyamata. Alipiga simu kwa vyombo vya habari vya nje, ikiwemo Radio France Internationale, akaeleza kwamba watu wanauawa na kwamba mauaji hayo yamepangwa. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi alipigwa risasi akafa. Kaburi lake liko karibu na kanisa la Nyamata, ambalo leo ni mahali pa kumbukumbu ya mauaji ya kimbari. Mkazi wa Bugesera aliyetaka kujua kinachotokea kwenye mlima wa jirani alilazimika kuisikiliza Paris, kwa kuwa Kigali ilikuwa ikimdanganya.

Kurekebisha redio, na gharama yake

Lawama zilikuwa kubwa, ndani na nje ya nchi. Nahimana akaondolewa ORINFOR. Kwa mujibu wa Alison Des Forges, aliyeandika kwa niaba ya Human Rights Watch, alipendekezwa kuwa balozi nchini Ujerumani lakini nchi hiyo ikamkataa, na alipotaka kurudi chuoni alikutana na upinzani huko pia. Jambo hili la chuo halitajwi sana, ingawa linatuhusu kwa karibu. Linaonyesha kwamba mwaka 1992 bado kulikuwa na wasomi walioona kuwa tangazo la uongo ni kosa la kitaaluma na la kimaadili.

Aprili 1992 iliundwa serikali ya mseto iliyowashirikisha wapinzani. Moja ya madai yao ilikuwa redio ya taifa isiwe mali ya chama cha Rais cha MRND. Jean-Marie Vianney Higiro, aliyetoka upande wa upinzani, alipewa uongozi, na taratibu Radio Rwanda ikaanza kusikika kama redio ya umma. Wapinzani walipata nafasi ya kusema na habari za mazungumzo ya amani ya Arusha zilitolewa kwa uwiano zaidi.

Mafanikio hayo yalikuwa na matokeo yasiyotarajiwa. Wenye msimamo mkali, walipoona wameipoteza redio ya taifa, walianzisha yao. RTLM ilipata wanahisa, ikaanza kurusha matangazo Julai 1993, na Nahimana alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Des Forges anaeleza kwamba iliruhusiwa hata kutumia masafa ya redio ya taifa saa za asubuhi ambapo Radio Rwanda haikuwa hewani. Tunaweza kusema kwamba RTLM iliingia kupitia nafasi tupu katika ratiba ya redio ya umma.

Iliingia pia kupitia udhaifu mwingine. Radio Rwanda ilikuwa na lugha rasmi na nzito. RTLM ilipiga muziki uliopendwa, ukiwemo wa Zaire, ikatania, ikapokea simu za wasikilizaji na kuongea Kinyarwanda cha mtaani. Vijana waliipenda kabla hawajajua inakowapeleka. Redio ya umma ilikuwa imeanza kusema kweli, lakini ilikuwa bado haijajifunza kuzungumza na watu.

Aprili 1994: nani alisikika na nani hakusikika

Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana ilidunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Asubuhi ya tarehe 7 Radio Rwanda ilisoma tamko la Wizara ya Ulinzi lililowataka wananchi wabaki majumbani. Kwa kawaida, agizo la namna hiyo lina busara wakati wa hatari. Asubuhi ile liliwaweka walengwa mahali pale pale walipojulikana kuishi, huku wauaji wakipita nyumba kwa nyumba na majina mkononi.

Kulikuwa na tangazo jingine ambalo lingeweza kusikika. Kikatiba, baada ya Rais kufa, sauti ya serikali ilikuwa ya Waziri Mkuu, Agathe Uwilingiyimana. Alikusudia kwenda kwenye studio za Radio Rwanda alfajiri ili kuwatuliza wananchi. Kikosi cha Umoja wa Mataifa kilituma askari wa Ubelgiji wamsindikize. Njia ya kwenda redioni ilikuwa imefungwa na wanajeshi. Aliweza kuzungumza kwa simu na Radio France Internationale, akaeleza milio ya risasi iliyoizunguka nyumba yake. Aliuawa asubuhi hiyo, na askari 10 wa Ubelgiji wakauawa pia.

Hatuwezi kujua kama hotuba yake ingezuia lolote, na mwanahistoria hapaswi kubuni. Lakini waliomzuia walikuwa na hakika kwamba haipaswi kusikika. Kwao, studio ya redio ya taifa ilikuwa mahali pa kulindwa sawa na kambi ya jeshi. Mara ya pili katika muda wa miaka miwili, sauti iliyosema ukweli juu ya Rwanda ilipita kwenye simu ya kimataifa kwa sababu kipaza sauti cha nyumbani kilikuwa mikononi mwa wengine.

Higiro alikimbia nchi, na Radio Rwanda ikarudi kuwa chombo cha serikali ya mpito iliyoongoza mauaji. Mfano wa Butare unatosha kuonyesha ilivyofanya kazi. Mkoa huo, wenye chuo kikuu, ulikuwa na mkuu wa mkoa Mtutsi, Jean-Baptiste Habyalimana, ambaye kwa karibu wiki mbili alisaidia kuzuia mauaji yasienee. Tarehe 17 Aprili redio ilitangaza kwamba ameondolewa. Lilikuwa tangazo la kazi, la aina ile ile iliyozoeleka kwa miaka mingi: fulani ameondolewa, fulani ameteuliwa. Tarehe 19 Aprili Rais wa serikali ya mpito, Théodore Sindikubwabo, alihutubia Butare na kuwakemea wale waliojiona kuwa mambo hayo hayawahusu. Hotuba yake ikarushwa na Radio Rwanda. Siku zilizofuata Butare ikawa moja ya sehemu zilizopoteza watu wengi zaidi. Habyalimana naye aliuawa.

Katika mauaji hayo ya kimbari dhidi ya Watutsi, RTLM ilitaja majina na maficho. Radio Rwanda ilitoa uhalali. Mkulima aliyesikia RTLM aliweza kujiambia kwamba ni maneno ya wahuni wa mjini. Aliposikia hotuba ya Rais na tangazo la uteuzi kwenye redio ya taifa, alielewa kwamba serikali imeamua.

Hukumu za Arusha na mjadala wa watafiti

Kesi ya vyombo vya habari iliamuliwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda mjini Arusha. Hukumu ya kwanza ilitolewa tarehe 3 Desemba 2003 na ya rufaa tarehe 28 Novemba 2007. Nahimana, aliyekuwa amepewa kifungo cha maisha, alipunguziwa hadi miaka 30. Jambo la kuzingatia ni mipaka ya mahakama hiyo. Sheria iliyoiunda iliipa mamlaka juu ya makosa yaliyotendwa mwaka 1994 tu, kuanzia Januari hadi Desemba. Tangazo la Bugesera la Machi 1992 halikuweza kuwa msingi wa adhabu. Pale mahakama inapoishia, mwanahistoria bado ana kazi.

Watafiti nao hawakubaliani juu ya uzito wa redio. David Yanagizawa-Drott, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, alilinganisha maeneo yaliyopata mawimbi ya RTLM na yale ambayo milima iliyazuia, akakadiria kwamba takriban asilimia 10 ya ushiriki katika mauaji ilitokana na matangazo hayo. Scott Straus, aliyewahoji wafungwa wapatao 200 waliokiri makosa, anasema wengi walitaja shinikizo la ana kwa ana kutoka kwa viongozi na majirani kuliko redio.

Kwa maoni yangu, maelezo haya mawili hayapingani sana tukiiweka redio ya taifa katikati yake. Bugesera inaonyesha mfuatano wenyewe: tangazo likasomwa Kigali, kiongozi wa mlimani akalishika, akawakusanya watu, akawaambia, "Mmesikia wenyewe." Muuaji aliyehojiwa baadaye angesema kwa haki kwamba aliitwa na kiongozi wake. Lakini kiongozi alihitaji jambo la kunukuu, na redio ya umma ndiyo iliyompa.

Kujenga upya imani

Baada ya Julai 1994 serikali mpya ilirithi redio iliyopoteza heshima. Familia zilikuwa zimetawanyika hadi Goma, Bukavu na Ngara. Katika mwaka huo BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi kwa eneo la Maziwa Makuu, na jina lililoshika, Gahuzamiryango, lina maana ya kinachounganisha familia. Kwa namna fulani, kazi ya zamani ya redio, ya kumtafuta ndugu kwa jina, ndiyo iliyorudi kwanza.

Kwa takriban miaka 10 Radio Rwanda ilibaki peke yake ndani ya nchi. Redio za binafsi zilianza tena mwaka 2004. Mwaka huo huo ulianza mchezo wa redio Musekeweya, ulioandaliwa na shirika la Radio La Benevolencija na kurushwa na Radio Rwanda. Ulisimulia habari za milima miwili ya kubuni na jinsi chuki inavyopandwa na kung'olewa. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, aliona kwamba mchezo huo haukubadilisha sana imani za mtu binafsi. Ulibadilisha mtazamo wa wasikilizaji juu ya yale ambayo jamii inayakubali, kama vile kumpinga mkubwa hadharani au kuaminiana. Matokeo haya yanaafikiana na tuliyoyaona juu ya 1992: redio humwonyesha mtu kile ambacho wenzake wanakiona kuwa cha kawaida.

Mwaka 2013 ORINFOR ilivunjwa na nafasi yake kuchukuliwa na Shirika la Utangazaji la Rwanda, RBA, lenye hadhi ya shirika la umma. Mbali na Radio Rwanda, lina vituo vya Huye, Musanze, Nyagatare, Rubavu na Rusizi. Rubavu inapakana na Goma, Rusizi inapakana na Bukavu, na huko Kiswahili ni lugha ya soko kila siku. Mwaka 2017 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya Rwanda. Taarifa ya habari ya Kiswahili, ambayo zamani ilionekana kuwa ya watu wa Nyamirambo, sasa ina wasikilizaji ng'ambo ya mpaka. Katika eneo ambalo uvumi huvuka mpaka haraka kuliko malori, taarifa hiyo ina jukumu zito.

Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba Radio Rwanda ilipata nguvu kwa matangazo ya mitihani, uteuzi na misiba, na kwamba mwaka 1992 nguvu hiyo ilitumiwa kusambaza waraka wa kughushi. Imeonyesha pia kwamba marekebisho ya 1992 na 1993 yaliwezekana, lakini yalikuwa machanga na hayakuwa na ulinzi. Kubadilisha jina na sheria ni hatua ya lazima, ila haitoshi. Anayeteua wakurugenzi, anayeidhinisha habari na anayesahihisha makosa ndio hasa wanaoamua kama redio ni ya umma au ni ya serikali.

Kutokana na hayo napendekeza mambo matatu kwa wenzangu tunaosoma Kiswahili na historia, kwa kuwa baadhi yetu tutafanya kazi katika vyumba vya habari. Kwanza, kila tamko la onyo litajwe chanzo chake na lihakikiwe kabla ya kusomwa, hata likitoka kwa kundi lenye jina zuri. Pili, redio ikikosea irekebishe kosa katika saa ile ile na kwa lugha zile zile ilizotumia kukosea. Tatu, masomo yetu juu ya vyombo vya habari yasianzie RTLM. Yaanzie tarehe 3 Machi 1992, siku ambayo msomaji wa habari alikuwa na karatasi mezani, muda wa kutosha wa kuuliza imetoka wapi, na nchi nzima ikimsikiliza.